Chombo Kilichonyamaza Hakijafa: Meza ya Fundi wa Sauti Katika Nyumba ya Mkulima

Ndugu mkulima, hebu tazama juu ya kabati lako, au katika pembe ya ghala nyuma ya magunia. Bila shaka utaona chombo kimoja kilichonyamaza. Huenda ni redio ya marehemu baba. Huenda ni spika ya kanisa iliyoletwa kwako ikae kwa muda, nao muda ukawa miaka. Huenda ni amplifaya ya kikundi cha akina mama iliyokatika sauti siku ya mchango, wageni wakiwa wamekwisha kaa. Chombo hicho kilinunuliwa kwa fedha za mahindi au za maziwa, na leo panya ndio wenye nyumba ndani yake.

Katika ukurasa huu nataka kukueleza neno moja tu, nalo ni hili: chombo cha sauti kilichonyamaza mara nyingi hakijafa. Kimekatika mahali pamoja. Na mahali pale mtu mwenye subira, mwenye vifaa vichache na meza safi, anaweza kupatafuta mpaka akapaona. Mtu huyo si lazima awe mgeni kutoka mjini. Anaweza kuwa mwanao au binti yako.

Najua utauliza, "Gazeti la wakulima lina shauri gani na redio na magitaa?" Ni swali la haki. Lakini wewe unayekaa katika shamba la skimu, iwe ni Lugari, Ndalu au kwingineko, wajua vema kwamba mji uko mbali na nauli ni ghali. Mpini wa jembe ukivunjika huendi mjini, unachonga mwingine. Bomba la kunyunyizia dawa likivuja, unabadili mpira wake. Kwa nini basi redio, ambayo hukuletea habari za mvua, bei na magonjwa ya mifugo, itupwe kwa sababu ya waya mmoja mwembamba kama unywele? Tena siku hizi kila arusi, kila mazishi na kila mkutano wa ushirika hutaka kipaza sauti. Wenye kukodisha vyombo hivyo hulipwa, na wenye kuvitengeneza hulipwa pia.

Hapa kwetu Chakol, katika Teso Kusini, jambo hili laonekana wazi. Tuko upande wa Busia na Malaba, miji miwili ya mpakani ambako malori hupanga foleni kuingia Uganda. Mali nyingi hupita, mpya na kuukuu, na miongoni mwake zimo redio, spika na amplifaya zilizokwisha kutumiwa kwingine. Penye mali kuukuu hapana budi pawe na fundi. Kijana anayekaa na meza yake kando ya soko, chuma cha kulehemu mkononi, hapotezi wakati. Anafanya kazi ile ile unayoifanya wewe unapomtibu ng'ombe mgonjwa badala ya kumchinja.

SAUTI HUPITAJE?

Kabla ya kufungua chombo, yafaa ujue sauti hupita njia gani. Fikiri mfereji wa maji. Maji hutoka mtoni, hupita langoni, huenda mferejini, kisha huingia shambani. Mahindi yakinyauka, huanzi kulaumu mahindi. Unafuata mfereji kutazama maji yamekomea wapi.

Ndivyo ilivyo kwa sauti. Mtu akisema mbele ya maikrofoni, sauti yake hugeuzwa kuwa umeme mdogo mno, pengine sehemu chache tu za elfu moja za volti. Umeme huo hauna nguvu ya kusukuma spika. Lazima upite ndani ya amplifaya, ukuzwe, ndipo uende kwenye spika, nayo spika huugeuza tena kuwa sauti.

Kinachofanya kazi ya kukuza ni kitu kidogo chenye miguu mitatu kiitwacho transista. Kilibuniwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani na John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Transista ni kama lango la mfereji. Mtoto mdogo akilisogeza lango kwa mkono mmoja, maji mengi hupita au huzuiwa. Nguvu ya maji si ya mtoto, ni ya mto. Hali kadhalika umeme mdogo wa sauti husogeza lango, na nguvu kubwa hutoka kwenye betri. Kwa sababu ya transista, redio iliyokuwa nzito kama sanduku na yenye kula mawe mengi ikawa ya kubebwa mkononi.

Ukilishika jambo hili moja, umepata nusu ya ufundi. Chombo kikinyamaza, usiulize, "Kina nini?" Uliza, "Sauti imekomea wapi?"

JINSI YA KUTAFUTA KOSA

Fanya kwa utaratibu, kutoka jambo rahisi hadi gumu. Hapa nasema juu ya vyombo vya mawe na betri ndogo tu. Vile vya umeme wa ukutani nitavieleza mbele.

Kwanza, tazama nguvu inakotoka. Toa mawe uone chemchemi za chuma zinazoyagusa. Mawe yaliyosahauliwa ndani hutoa maji, na maji hayo huacha unga mweupe au wa kijani. Unga huo huzuia umeme kabisa. Ukwangue kwa msasa mpaka chuma king'ae, upanguse, kisha tia mawe mapya. Redio nyingi zilizoitwa maiti zimefufuka hapo.

Pili, tazama waya na plagi. Waya wa maikrofoni au wa gitaa hukatikia karibu na plagi, mahali unapokunjwa kila siku. Kwa nje waonekana mzima. Pima kwa mita, au uukunje taratibu huku ukisikiliza kama sauti inakuja na kupotea. Ikiwa hivyo, kata kipande kibovu, ulehemu upya.

Tatu, jaribu spika. Itenge na chombo, kisha uguse miguu yake miwili kwa waya kutoka jiwe moja la volti 1.5, uguse na kuachia mara moja. Spika nzima itagonga "tap." Isipogonga, koili yake imekatika. Ikiwa ni karatasi tu iliyopasuka, ibandike kipande cha karatasi nyepesi kwa gundi kidogo, nayo itaimba tena.

Nne, zungusha kifungo cha sauti. Kikikwaruza kama mchanga, kuna vumbi ndani. Dawa yake ni mvuke wa kusafishia viungo vya umeme, unaouzwa katika makopo. Puliza kidogo, zungusha mara ishirini, ngoja pakauke.

Tano, tazama viungo vya lehemu chini ya jua zuri. Kiungo chema hung'aa na kukumbatia mguu wake. Kiungo kibovu huwa na duara nyembamba nyeusi kuzunguka mguu, kana kwamba mti umetikiswa na upepo mpaka ardhi ikaachana na shina. Kipashe moto tena na kuongeza lehemu kidogo.

Sita, tazama kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama. Kichwa cha kapasita kikivimba, imekwisha. Mpya iwe na mikrofaradi zile zile, na volti zisizopungua zile za zamani. Nayo ina upande wa chanya na wa hasi. Ukiigeuza yaweza kupasuka.

Ukiona yote haya ni mazima, igawe njia ya sauti nusu kwa nusu. Katika chombo cha mawe, gusa kwa ncha ya bisibisi katikati ya kifungo cha sauti. Ukisikia mngurumo katika spika, basi kutoka pale kwenda mbele ni kuzima, na kosa liko nyuma yake. Usiposikia, kosa liko mbele. Kwa kugawa mara tatu au nne, utabaki na sehemu ndogo kama sarafu ya kuchunguza.

VIFAA VYA MEZA

Usidhani ya kuwa wahitaji karakana. Wahitaji chuma cha kulehemu cha wati 30 au 40, waya wa lehemu, mita ya kupimia umeme, bisibisi mbili, koleo ndogo, kisu, msasa na mswaki mkuukuu wa kupangusia vumbi. Ongeza mkebe wenye vyumba vya kuwekea skrubu, maana skrubu iliyopotea ni kazi iliyokwama.

Tena usitupe redio isiyotengenezeka. Itoe rezista, kapasita, transista, plagi na spika, uzihifadhi. Chombo kilichokufa kweli ni ghala la vipuri kwa vingine.

Meza isiwe ile mnayolia chakula. Waya mwingi wa lehemu una risasi ndani yake, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Fanya kazi penye hewa, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na ufagie mabaki. Usichome nyaya ili kupata shaba, kwa maana moshi wa mpira ule ni mbaya kwa mtu na kwa mnyama. Mawe yaliyokwisha yasitupwe shambani wala chooni.

MAMBO YA HATARI

Sasa sikiliza kwa makini, kwa maana hapa hakuna mzaha. Umeme wa ukutani katika nchi yetu ni volti 240, nao huua. Haujui kwamba wewe ni mwanafunzi.

Amplifaya kubwa ya umeme ikichomolewa bado yaweza kuuma. Kapasita zake kubwa huweka umeme kama tangi liwekavyo maji baada ya bomba kufungwa. Zile za zamani zenye balbu za kioo, na televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa, hubeba volti mamia na hata maelfu. Mwanafunzi asizifungue. Mpelekee fundi aliyesomea kazi hiyo, na ukae ukimtazama ujifunze.

Fyuzi ikikatika, usiweke waya wala karatasi ya sigara mahali pake. Fyuzi ni mlinzi. Akilala, nyumba ndiyo itakayoungua. Weka nyingine yenye ampia zile zile. Ikikatika mara ya pili, acha, kuna kosa ndani.

Wenye umeme wa jua nao wasijione salama mno. Betri ya volti 12 haikurushi, lakini nyaya zake zikigusana huwaka moto mwekundu mara moja. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, na uvue pete na saa ya chuma unapoishughulikia.

Sheria ya meza ya nyumbani iwe hii: mwanafunzi afanye kazi ya mawe na betri ya volti 9 tu, mpaka mkubwa mwenye ujuzi aseme ameiva.

KOSA LILILOGEUKA KUWA CHOMBO

Mtu anayejua sauti imekomea wapi hujifunza pia kuigeuza apendavyo. Hapo ndipo ilipotoka kazi ya kutengeneza visanduku vya gitaa viitwavyo pedali. Pedali ni kisanduku cha chuma kinachowekwa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Mpigaji hukikanyaga, na sauti ya gitaa hubadilika: hukua, hukwaruza, au hurudi kama mwangwi wa mlimani.

Habari ya pedali ya mkwaruzo inafaa kukumbukwa. Katika mji wa Nashville, Marekani, palirekodiwa wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry," uliotolewa mwaka 1961. Mpigaji Grady Martin alipokuwa akipiga gitaa la besi, sehemu moja ya mtambo wa kurekodia iliharibika, na sauti ikatoka imekwaruza kama mtu mwenye mafua. Waliiacha vivyo hivyo, na watu wakaipenda. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, hakuishia kucheka. Alichunguza kosa lile, kisha akajenga kisanduku chenye transista cha kufanya kwa makusudi yale ambayo mtambo ulifanya kwa bahati mbaya. Kampuni ya Gibson ilianza kukiuza mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 Keith Richards wa kundi la Rolling Stones alikitumia katika wimbo wa "Satisfaction," na tangu hapo mkwaruzo huo ukaenea duniani.

Leo katika nchi nyingi wako makarani, walimu na madereva ambao jioni, kazi ikiisha, hukaa mezani na kujenga pedali zao wenyewe. Wengi hawafanyi biashara. Wanafanya kwa furaha ya kujua.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi hautoki Marekani, watoka Kinshasa, Kongo. Mawangu Mingiedi alikuwa mpigaji wa likembe, ala ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Sauti ya likembe ni ndogo, na mji ni wenye kelele. Mingiedi na wenzake wakachukua sumaku kutoka vipuri vya magari makuukuu, wakatengeneza vinasa sauti na maikrofoni kwa mikono yao, wakaunganisha na amplifaya na vipaza sauti. Sauti ilitoka imekwaruza. Hawakuwa wameitafuta, lakini waliijua na kuifuga kama mtu afugavyo nyuki wa mwituni. Kundi lao, Konono No. 1, lilitoa sahani iitwayo Congotronics mwaka 2004, likasikika Ulaya na Marekani. Mwaka 2007 walisikika katika wimbo wa Björk, mwimbaji wa Iceland. Mingiedi alifariki mwaka 2015 akiwa mzee.

Unaona, ndugu? Sumaku ile ingekuwa takataka. Iligeuzwa na mtu aliyejua inafanya nini.

AKOGO YENYE UMEME

Likembe ile ni ndugu wa akogo yetu. Wachunguzi wa muziki wanaeleza kwamba ala hiyo ilisafiri kutoka Kongo pamoja na wapagazi na vibarua, ikafika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Iteso waliipokea, wakaifanya yao, wakaipiga kwa makundi, ndogo na kubwa pamoja, penye ngoma na penye ajon. Basi kijana wa Chakol akitaka kuipa akogo nguvu ya umeme, si kuiga Wazungu. Anaendeleza safari ambayo ala hii imekuwa ikiifanya siku zote.

Njia rahisi ni hii. Tafuta kisahani cha piezo. Ni duara nyembamba ya shaba ya manjano, yenye kitu cheupe katikati, nacho hupatikana ndani ya saa za kengele na vitu vya kuchezea vinavyolia. Kikitikiswa hutoa umeme. Ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waliigundua tabia hiyo mwaka 1880. Lehemu waya mmoja katikati penye weupe na mwingine ukingoni penye shaba. Fanya upesi, maana moto mwingi huharibu ule weupe. Waya wa katikati uende kwenye ncha ya plagi ya gitaa, na wa ukingoni uende kwenye shina lake. Tumia waya uliofunikwa kwa wavu wa shaba, usiozidi meta tatu. Kisha shikilia kisahani kwa mkanda wa gundi kwenye sanduku la akogo. Jaribu mahali mbalimbali kabla ya kukibandika kabisa, kwa sababu kila ubao una mahali pake panaposema vizuri.

Chomeka katika tundu la gitaa la amplifaya, upige. Usisimame mbele ya spika. Ukisikia filimbi kali, ni kwamba sauti ya spika inarudi katika akogo na kuzunguka. Sogea nyuma ya spika, au upunguze.

Mwenye gitaa la umeme, au akogo iliyo dhaifu bado, aweza kujenga kisanduku cha kukuza. Wahitaji transista moja ya BC547, rezista nne, kapasita mbili za mikrofaradi 0.1, kifungo cha sauti cha kiloohmu 100 na betri ya volti 9. Ukiushika upande bapa wa BC547 ukutazame, miguu chini, mguu wa kushoto ni kolekta, wa katikati ni beisi, na wa kulia ni emita. Transista za namba nyingine zaweza kupangwa vingine, kwa hiyo hakikisha kwanza.

Rezista ya kiloohmu 470 itoke kwenye chanya ya betri hadi beisi. Ya kiloohmu 47 itoke kwenye beisi hadi hasi. Ya kiloohmu 10 itoke kwenye chanya hadi kolekta. Ya ohmu 390 itoke kwenye emita hadi hasi. Sauti iingie katika beisi kupitia kapasita ya kwanza, na itoke kwenye kolekta kupitia kapasita ya pili hadi mguu mmoja wa pembeni wa kifungo cha sauti. Mguu wa pembeni wa pili uende hasi, na ule wa katikati uende kwenye amplifaya. Hasi za plagi zote mbili ziungane na hasi ya betri.

Kabla ya kupiga, pima kwa mita kati ya kolekta na hasi. Ukisoma volti 4 hadi 6, umefaulu. Ukisoma karibu 9 au karibu sifuri, kuna kiungo kilichokosewa, rudi nyuma utafute. Kisanduku hiki hukuza sauti karibu mara 20. Ukitaka mkwaruzo, ongeza daiodi mbili za 1N4148, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, kutoka ule mguu wa pembeni wa kifungo unaopokea sauti hadi hasi. Daiodi hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, na hapo ndipo mkwaruzo hutoka. Kwa akogo kubwa ya besi usitumie kisanduku hiki, kwa maana hupunguza uzito wa sauti ya chini. Iunge moja kwa moja na amplifaya.

FAIDA, NA DAFTARI

Mzazi, ukimkuta mtoto amefungua redio iliyokufa, usimchape. Mwulize amegundua nini. Mpe kona, mpe saa zake baada ya kazi ya shamba na masomo, na umpe ile sheria ya volti 9. Wala usimfukuze binti mezani. Mikono iliyozoea kupanda miche midogo ina utulivu mkubwa wa kulehemu.

Mpe na daftari. Katika daftari aandike tarehe, chombo, dalili, kosa alilolikuta, kipuri alichotia, gharama na malipo. Asiyeandika hajui kama anapata au anapoteza. Tena dalili ile ile itakuja mara ya pili, na daftari litamjibu upesi kuliko kichwa.

Tuseme kikundi chenu kina amplifaya moja, na kila sherehe mnakodi nyingine kwa sababu yenu imenyamaza. Hesabu fedha mlizokodia mwaka mzima. Kisha linganisha na bei ya plagi moja na saa mbili za kijana wenu. Sitaji kiasi, maana bei hutofautiana kila soko. Fanya hesabu hiyo mwenyewe, kwa fedha zako mwenyewe, uone.

Kijana akiiva, asiridhike na sifa za kijijini. Vyuo vya ufundi vipo, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, yaani NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mtu aliyejifunzia kazini naye aweza kujaribiwa. Cheti hicho humfungulia mlango ambao maneno matupu hayaufungui.

Mwisho, ufundi una adabu yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ziba ufa ulio kimo chako. Ukitafuta kosa usilipate, usichokonoe kwa hasira. Andika ulipoanzia, andika ulipopima na mita ilisema nini, rudisha skrubu zote, umpelekee fundi mkubwa pamoja na karatasi yako. Atakuheshimu, na ataanza kazi pale ulipoishia.